Divai: soma karatasi ya chupa mbele ya kutoa feza

Mwezi uliopita tulisindikiza kijana mumoja wa kazi yetu ku bakwe. Alibeba chupa ya divai nyekundu, na picha ya nyumba kubwa ya mawe juu yake. Alikuwa ametoa feza mingi. Baba mukwe, muzee wa pansheni, alivaa miwani, akageuza chupa, akauliza: « Mwana, hii divai inatoka wapi? Ni ya zabibu gani? » Hakuna mutu alijibu. Ku ile karatasi hakukuandikwa fasi, wala zabibu. Kulikuwa picha tu.

Sisi watu wa migodi, mutu hawezi kutuuzia jiwe vile. Tunauliza kwanza: limetoka ku kariere gani? Halafu: ni malakiti ao ni heterojeniti? Divai nayo iko vile vile. Kuna fasi, na kuna aina ya zabibu.

Wafaransa wanaandika zaidi jina la fasi. Wanazania munuzi anajua zabibu yake. Basi tushike haya mu kichwa.

Bordeaux: divai nyekundu inachanganywa, na zabibu kubwa ni Merlot na Cabernet Sauvignon. Ku Médoc udongo ni wa changarawe. Maji yanapita upesi, mawe yanashika joto la jua. Cabernet Sauvignon, yenye kukawia kuiva, inapenda pale. Ngambo ingine, ku Pomerol na Saint-Émilion, kuna udongo wa mufinyanzi na chokaa: pale Merlot ndiyo inatawala. Munaona, bandugu, udongo unaamua, sawa kwetu.

Bourgogne: nyekundu ni Pinot noir, nyeupe ni Chardonnay. Chablis iko mu Bourgogne, kwa hiyo chupa ya Chablis ni Chardonnay, hata kama jina hilo halikuandikwa. Beaujolais nyekundu ni Gamay. Champagne inatoka zaidi mu zabibu tatu: Pinot noir, Meunier na Chardonnay. Tangu 1935 Ufaransa iko na sheria ya kulinda majina ya fasi za divai, ili kila mutu asijiandikie tu Bordeaux ao Chablis.

Afrika ya Kusini, yenye chupa zake zinatufikia na barabara ya Kasumbalesa, wanaandika mara mingi jina la zabibu kwa herufi kubwa. Ile wanapanda kupita zote ni Chenin blanc, ya divai nyeupe. Pinotage ni mutoto wa kule kule: mu 1925, ku Stellenbosch, profesa Abraham Perold alizalisha Pinot noir na Cinsaut. Na kama jina moja tu la zabibu liko ku chupa, sheria yao inaomba iwe 85 % kwa uchache.

Basi, ba papa na ba mama, mbele ya kutoa feza ya mushahara, tuulize: inchi gani, fasi gani, zabibu gani? Picha ya château haijibu. Bei kubwa nayo haijibu.

Yule kijana alirudia ku bakwe na Pinotage ya Stellenbosch, ya bei ndogo kuliko ile ya kwanza. Safari hii alieleza yeye mwenyewe. Muzee alisoma karatasi polepole, akacheka: « Sasa keti, tuzungumuze mambo ya mahari. »