Kioo Kipya, Maandishi Madogo: Tuisomeje Ramani ya Quiterajo?

Mtu anayeifungua ramani ya pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado kwenye kompyuta mpya huenda akapigwa na bumbuazi. Quiterajo, katika wilaya ya Macomia nchini Msumbiji, ipo mahali pake, na visiwa vya Quirimba vipo. Lakini majina yamekuwa madogo kama mbegu za mchicha, na alama za kukuzia ramani hazishikiki. Kompyuta kuukuu iliyo kando inaionyesha ramani ile ile waziwazi. Wengi husema kioo ni kibovu au macho yamechoka, kumbe kosa liko kwingine.

Ramani hii si ya mapambo.  Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kiliipiga pwani hiyo, kati ya Pemba na Mocímboa da Praia. Kuanzia mwaka 2021 hadi 2024 askari wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, wakiwemo wa Tanzania, walitumikia katika jimbo hilo. Jamaa zilizobaki nyumbani zilipenda kujua mahali walipo wapendwa wao, na ramani ndiyo iliyowajibu.

CHANZO CHA TATIZO

Picha katika kioo cha kompyuta hufanyizwa kwa nukta ndogo ndogo. Programu nyingi za zamani za Windows ziliandikwa kwa kudhani kwamba kila inchi ya kioo ina nukta 96. Kioo cha inchi 24 chenye nukta 1920 kwa 1080 kina nukta 92 hivi kwa inchi, kwa hiyo dhana hiyo ilifaa. Lakini kompyuta ya mkononi yenye kioo cha inchi 15.6 na nukta 3840 kwa 2160 ina nukta zipatazo 282 kwa inchi. Alama ya upana wa nukta 16, iliyokuwa milimita 4 na zaidi kidogo katika kioo cha kwanza, haifiki milimita moja na nusu katika hiki cha pili. Programu imehesabu nukta, haikupima ukubwa.

HATARI YA RULA

Udogo wa maandishi huchosha macho tu. Kosa la kipimo laweza kumpoteza mtu njia. Tuseme ramani imeandikwa kipimo cha 1:50,000, yaani sentimita moja ni mita 500. Njia ya kilomita 4 yapasa kuwa na urefu wa sentimita 8. Ikiwa programu inadhani nukta ni 96 kwa inchi, na kioo kina 192, njia hiyo itaonekana ya sentimita 4. Atakayeweka rula juu ya kioo atasema ni kilomita 2, na atajiandaa kwa nusu ya safari. Kwa askari wa doria, au kwa mama anayempeleka mtoto mgonjwa zahanati, kosa hilo si dogo.

Basi usipime kioo kwa rula. Tumia mstari wa kipimo uliochorwa ndani ya ramani, kwa kuwa hukua na kupungua pamoja nayo, au chombo cha kupimia umbali kilichomo katika programu yenyewe.

TIBA YAKE

Kwanza, usipunguze idadi ya nukta za kioo. Maandishi yatakuwa makubwa, lakini yatafifia.

Pili, fungua mipangilio ya kioo, utafute ukubwa wa maandishi unaotajwa kwa asilimia, uuongeze hadi 150 au 200. Asilimia 200 huleta picha safi zaidi kwa programu za zamani, maana kila nukta moja hugeuka nne kamili.

Tatu, programu ya zamani ikionekana kama iliyofunikwa ukungu, jua kuwa kompyuta imeivuta picha yake kwa nguvu. Katika Windows, bofya alama ya programu hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ufungue sifa zake, kisha ukurasa wa ulinganifu. Hapo waweza kuchagua nani apange ukubwa, kompyuta au programu. Jaribu yote mawili, ubaki na lililo bora. Programu ya ramani ya QGIS, hali kadhalika, ina mahali pa kuongeza ukubwa wa alama na herufi zake.

NENO KWA VIJANA WAANDISHI WA PROGRAMU

Vijana wetu wanaojifunza kazi hii wasichore alama kwa nukta peke yake. Alama iliyoandikwa kama maagizo ya mistari na maduara huchorwa upya kwa ukubwa wowote bila kufifia. Aidha, programu yapasa kuiuliza kompyuta kipimo cha kioo, na kuuliza tena dirisha linapohamishiwa kioo kingine. Tangu Windows 8.1 ya mwaka 2013, kila kioo chaweza kuwa na kipimo chake.

Mwenye nyumba akikamilisha marekebisho haya, aifungue tena ramani, asome jina la Quiterajo akiwa amekaa wima kitini. Akiwa bado halioni, hapo ndipo aende kwa mganga wa macho.