Kumtambua Mbung'o

Nzi wapo wa aina nyingi. Wapo wanaotua juu ya chakula, wapo wanaosumbua ng'ombe zizini, na wapo wanaouma watu na wanyama porini. Ukiwatazama kwa haraka, wote huonekana kama wamoja. Lakini mmoja wao, mbung'o, hueneza ugonjwa wa malale kwa watu na ugonjwa wa nagana kwa mifugo. Katika baadhi ya sehemu mbung'o huitwa pia ndorobo. Katika somo hili tutajifunza kumtambua kwa kuchunguza umbo lake.

Umbo la nzi

Mwili wa nzi una sehemu kuu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Kichwani mna macho mawili makubwa, vipapasio viwili vifupi na mdomo. Miguu yake sita imeota kifuani. Nyuki, kipepeo na kumbikumbi wana mabawa manne, bali nzi ana mabawa mawili tu. Nyuma ya mabawa hayo mna vijiti viwili vifupi vyenye ncha nene kama virungu. Hivyo humsaidia nzi kuuweka mwili wake sawa anaporuka. Mbu naye ana mabawa mawili na virungu viwili. Kwa hiyo yumo katika jamii hiyo hiyo.

Kazi ya kufanya

Kamata nzi wa nyumbani kwa chupa safi ya kioo, kisha uifunike. Mngoje atulie, halafu umchunguze. Kama shule yenu ina lenzi ya mkono, itumie. Hesabu mabawa na miguu yake. Tazama mdomo wake umeelekea wapi, na mabawa yake yamekaaje. Mchore katika daftari lako. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni.

Alama za mbung'o

Sasa tumlinganishe nzi uliyemchora na mbung'o.

Alama ya kwanza ni mdomo. Mdomo wa nzi wa nyumbani huelekea chini, na ncha yake ni laini kama sponji. Hauwezi kutoboa ngozi. Kazi yake ni kufyonza chakula cha majimaji. Mdomo wa mbung'o ni mrija mwembamba na mgumu. Anapotulia, mrija huo hunyooka mbele ya kichwa. Anapotaka kuuma, huushusha na kuuchoma katika ngozi ili anyonye damu.

Alama ya pili ni mabawa. Nzi wa nyumbani anapotua, mabawa yake huachana kidogo kwa nyuma. Mbung'o anapotua, mabawa yake hulala moja juu ya jingine, kama mkasi uliofungwa.

Alama ya tatu imo ndani ya bawa. Bawa la nzi lina mishipa inayoligawanya katika vyumba vidogo. Katikati ya bawa la mbung'o mna chumba chenye umbo la shoka. Wataalamu huitegemea sana alama hii, kwa sababu huonekana hata kama mbung'o amekufa na mwili wake umevunjika.

Rangi ya mbung'o ni ya kahawia au ya kijivu. Lakini rangi peke yake haitoshi kumtambua, kwani nzi wengi wana rangi kama hizo.

Nzi wengine wanaouma

Nzi wa zizini ni mkubwa kama nzi wa nyumbani, na mdomo wake umenyooka mbele kama wa mbung'o. Mtu akitazama mdomo tu, atakosea. Akitazama mabawa, ataona kwamba yameachana. Pange ni mnene, ana macho makubwa sana, na mabawa yake hayalaliani kama mkasi. Kwa hiyo usiamue kwa alama moja. Tazama mdomo, kisha mabawa, ndipo useme jina la mdudu.

Faida ya kumtambua

Malale na nagana huletwa na vijidudu viitwavyo tripanosoma. Mbung'o huvipata anaponyonya damu ya mnyama au mtu mwenye vijidudu hivyo, naye akaja kuvipeleka kwa mwingine. Mbung'o wote, dume na jike, hunyonya damu.

Mwaka 1903 daktari David Bruce na wenzake walichunguza malale huko Uganda, wakati ugonjwa huo ulipokuwa ukiua watu wengi. Walikusanya nzi wanaouma kutoka sehemu mbalimbali, wakawatambua, na kuandika katika ramani mahali walipopatikana. Wakaona kwamba ramani ya mbung'o ililingana na ramani ya ugonjwa. Kama wangewachanganya mbung'o na nzi wengine, jambo hilo lisingeonekana.

Mbung'o hazai kama nzi wa nyumbani. Nzi wa nyumbani hutaga mayai mengi kwa mara moja. Mbung'o jike huzaa buu mmoja tu kila baada ya siku 9 au 10, na buu huyo hujichimbia udongoni na kuwa pupa. Kwa kuwa huzaa polepole, anaweza kupunguzwa. Katika kisiwa cha Unguja, kuanzia mwaka 1994, madume tasa walimwagwa kwa ndege. Majike waliopandana nao hawakuzaa. Mitego iliendelea kuchunguzwa, na mbung'o wa mwisho wa mwituni alipatikana mwaka 1996. Tangu hapo mitegoni hawakuonekana tena.

Tahadhari

Usimfuate mbung'o porini ili kumkamata. Huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego mingi hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Upitapo penye mbung'o, vaa nguo nzito za rangi nyingine zinazofunika mikono na miguu. Si kila aumwaye na mbung'o hupata malale. Lakini mtu akiumwa, kisha akapata homa na maumivu ya kichwa, aende hospitali mapema na aeleze kwamba aliumwa na mbung'o. Malale hutibika, na tiba ya mapema ndiyo bora.

Maswali

1. Nzi ana mabawa mangapi? Nyuki je?
2. Taja tofauti mbili kati ya nzi wa nyumbani na mbung'o.
3. Mfugaji amemwona nzi juu ya ng'ombe. Mdomo wake umenyooka mbele, na mabawa yake yameachana. Je, ni mbung'o? Toa sababu.
4. Kwa nini ni rahisi zaidi kupunguza idadi ya mbung'o kuliko ya nzi wa nyumbani?