UVIMBE WA KICHWA USIO KANSA: KARATASI YAKO ISEME KWELI



Kila asubuhi unavaa kofia ya kazi ili jiwe lisikupasue kichwa. Ni vizuri. Lakini kuna ugonjwa unaoanza ndani ya kichwa, polepole, bila jiwe wala damu. Leo tuzungumze juu yake, na juu ya karatasi ambayo mgonjwa wake anapewa hospitalini.

Uvimbe huu ni nini?

Ni nyama inayoota ndani ya kichwa mahali isipotakiwa. Kansa hula nyama ya jirani. Uvimbe usio kansa hukua taratibu na hausambai mwilini. Unaoonekana mara nyingi ni meninjioma: huota kwenye ngozi nyembamba zinazofunika ubongo, na huwapata wanawake kuliko wanaume. Mwingine huota kwenye mshipa wa fahamu wa sikio. Sikio moja linaanza kulia na kupoteza kusikia. Mwingine huota kwenye tezi ndogo chini ya ubongo. Mgonjwa haoni vizuri pembeni, au mama anakosa hedhi na kutoa maziwa bila kunyonyesha.

Daktari ataandika «tumeur bénigne». Wengi wakisikia kwamba si kansa, wanafurahi na hawarudi tena. Wasifanye hivyo! Mfupa wa kichwa ni kama sanduku lililofungwa. Uvimbe wa tumbo una nafasi ya kupanuka, lakini ule wa kichwa hauna. Hata ukiwa mpole, unaubana ubongo, na unaweza kuua.

Maumivu mengi ya kichwa si uvimbe. Ni malaria, uchovu, macho au presha ya damu. Lakini njoo dispensari upesi ukiona haya: kichwa kinachouma zaidi wakati wa kuamka na kuzidi wiki kwa wiki, kutapika bila sababu, macho kufifia, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, tabia kubadilika. Na mtu mzima akianguka kifafa kwa mara ya kwanza, msiseme amerogwa wala amelewa. Mleteni.

Namba ya ugonjwa

Pembeni mwa jina la ugonjwa utaona pengine herufi na tarakimu. Hiyo ni namba kutoka orodha ya kimataifa ya magonjwa, ambayo kwa Kifaransa huitwa CIM. Mwaka 1893 Mfaransa Jacques Bertillon alitoa orodha ya sababu za vifo. Tangu 1948 Shirika la Afya Duniani, OMS, ndilo linaloitunza. Toleo la 11 lilianza tarehe 1 Januari 2022, lakini nchi nyingi bado zinatumia la 10. Katika toleo hilo la 10:

D32.0 ni uvimbe usio kansa wa ngozi za ubongo.
D33 ni uvimbe usio kansa wa ubongo wenyewe, D33.3 ni ule wa mishipa ya fahamu ya kichwa, kama ule wa sikio.
D35.2 ni uvimbe usio kansa wa tezi ya chini ya ubongo.
C71 ni kansa ya ubongo.
D43 ni uvimbe wa ubongo ambao tabia yake haijulikani.

Mwandishi wa namba haruhusiwi kubahatisha. Anasoma maneno ya daktari tu. Daktari akiandika «tumeur cérébrale» bila kueleza zaidi, mgonjwa anaangukia D43, hata kama labo imekwisha sema si kansa. Mwuguzi akiandika «kichwa kinauma», namba inakuwa R51, na kapita anamrudisha mtu kwenye ngazi ya shimo.

Tuseme mfanyakazi wa miaka 40 ameanguka kifafa karibu na mashine ya kusaga mawe. Kwenye fishi wanaandika «kifafa» peke yake, namba G40. Anapewa vidonge, kifafa kinatulia, anarudi kazini. Uvimbe unaendelea kukua. Mwaka unaofuata mwuguzi mwingine anasoma fishi ile na kurudia vidonge vile vile. Kama wangeandika «mara ya kwanza katika maisha, kilianza na mkono wa kushoto, kichwa kinauma akiamka», maneno hayo yangempeleka kwenye skaneri. Sasa je, nani aliyejua kwamba kilianza na mkono wa kushoto? Ni mwenzake wa kazi aliyekuwa karibu. Kwa hiyo anayemleta mgonjwa aseme yote aliyoyaona.

Karatasi nzuri inasema nini?

1. Uvimbe uko wapi, upande wa kulia au wa kushoto.
2. Ukubwa wake kwa milimita, na tarehe ya skaneri.
3. Jibu la labo. Skaneri humfanya daktari adhani. Kipande cha nyama kinachoangaliwa labo ndicho kinachothibitisha. «Inadhaniwa» na «imethibitishwa» si neno moja.
4. Yanayomsumbua mgonjwa: kifafa, macho, mkono.
5. Kama amepasuliwa, uvimbe umetoka wote au umebaki sehemu.
6. Kazi asiyoweza kufanya: kupanda ngazi, kuendesha kamio, kukaa peke yake karibu na mashine.

Uliza bila haya: «Dokta, umeandika upande gani? Labo imejibu nini?» Mgonjwa wa Goma anaweza kutumwa Kigali au Kampala, na huko ripoti ikaandikwa kwa Kiingereza wakati fishi yake ni ya Kifaransa. Lakini D32.0 ni D32.0 kila mahali panapotumika toleo la 10.

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi pamoja na familia yake mpaka mwisho wa kontra. Karatasi iliyo wazi inasaidia haki hiyo isicheleweshwe. Jina la ugonjwa ni siri yako na ya daktari; kapita anahitaji kujua tu kazi ambayo hufai kuifanya.

Nyumbani

Mama wa nyumba, tunza picha za skaneri, jibu la labo na karatasi ya hospitali katika mfuko mmoja wa plastiki, karibu na mlango. Watu wa Goma wanajua kwa nini. Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002 na tena 22 Mei 2021, na mwanzoni mwa 2025 wengi walikimbia vita. Piga pia picha ya kila karatasi kwa simu.

Usitupe kitu baada ya opereshoni. Uvimbe uliotolewa unaweza kuota tena miaka mingi baadaye, na daktari atataka kulinganisha picha mpya na ya zamani.

Mwenye dalili nilizozitaja asingoje mwisho wa mwezi. Aje dispensari na mtu aliyemwona akiugua, na alete karatasi zake zote.