Fonie ya mchana si fonie ya usiku

Ndugu wakulima, wanachama wa vyama vya ushirika vya Nyangwe, Kasongo na Kabambare,

Pale ambapo simu haishiki, bei ya mpunga, karanga na mawese inaletwa na fonie. Mkisikia bei ya Kindu kabla ya kupakia mtumbwi, mnajua mtauza kwa kiasi gani. Msipoisikia, mnunuzi ndiye anapanga bei. Lakini frekansi iliyosema vizuri jana usiku, leo saa 6 mchana inanyamaza. Watu wanasema mashine imekufa, wanaita fundi, wanatoa pesa. Mara nyingi mashine ni nzima. Kilichobadilika ni anga.

Sauti inapita wapi?

Toka Nyangwe mpaka Kindu, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 140. Mawimbi yanayotambaa chini hayafiki, misitu na vilima vinayamaliza njiani. Yanayofika ni yale yaliyopanda juu, yakagonga tabaka la anga linaloitwa ionosfea, yakarudi chini. Mwingereza Edward Appleton alithibitisha mwaka 1924 kwamba tabaka hilo lipo, na mwaka 1947 akapewa Tuzo ya Nobel.

Huko juu, jua linabandua vichembe vidogo sana vya umeme, elektroni, kutoka kwenye hewa. Hewa yenye elektroni zilizofunguliwa hivyo inaitwa plazima.

Bati na anga vinafanya kazi moja

Tazama bati jipya juani: linang'aa mpaka macho yanauma. Ndani ya chuma kuna elektroni nyingi zisizofungwa. Wimbi la mwanga likifika, zinatikisika nalo na kulirudisha lilikotoka. Sehemu ndogo tu inamezwa na kuwa joto. Bati likishika kutu halirudishi tena vizuri, kwa sababu elektroni za kutu zimefungwa. Ndiyo maana bati la kutu linameza jua na kuwaka moto.

Ionosfea nayo inarudisha mawimbi kwa elektroni zake, ila ni chache mno kuliko za chuma. Kwa hiyo inaweza kurudisha mawimbi yanayotikisika polepole tu, kama ya fonie. Mwanga wa jua unapenya. Mawimbi ya FM pia yanapenya na kupotelea juu. Ndiyo sababu Radio Okapi kwa FM inasikika karibu na mnara wake tu.

Kwa nini mchana na usiku vinatofautiana?

Plazima ina ghorofa. Ya chini, kilomita 60 mpaka 90 toka ardhini, inakuwepo jua likiwaka. Hapo hewa bado ni nzito kidogo. Elektroni zikitikiswa na wimbi, zinagongana na hewa, na nguvu ya wimbi inaishia kuwa joto. Hiyo ghorofa inameza, na inameza zaidi frekansi za chini.

Ghorofa ya juu, kama kilomita 200 mpaka 400, ndiyo inayorudisha sauti. Usiku ile ya chini inapotea na hii inabaki, lakini elektroni zake zinapungua mpaka alfajiri. Basi mchana frekansi ya chini inamezwa njiani, na usiku frekansi ya juu inapenya na haitarudi.

Namna wimbi linavyolala

Funga kamba kwenye mti, shika ncha nyingine. Ukiitikisa juu na chini, wimbi linakwenda limesimama. Ukiitikisa kushoto na kulia, linakwenda limelala. Mawimbi ya fonie na ya mwanga ni hivyo hivyo, na wataalamu wanaita jambo hili polarizasio. Waya wa antena uliotandazwa unatoa wimbi lililolala.

Waya huo ukiuweka karibu sana na bati, elektroni za bati zinalirudisha wimbi likiwa limegeuzwa kinyume. La kwanza na la pili yanafutana, sauti inabaki palepale nyumbani.

Huko angani, sumaku ya dunia inaligawa wimbi mara mbili: moja linazunguka kulia, jingine kushoto. Mchana moja linamezwa kuliko mwenzake. Yakikutana tena wakati wa kurudi, ulalo wake umegeuka, na unaendelea kugeukageuka. Hiyo ni sababu mojawapo sauti inapanda, inafifia, inapanda tena.

Tufanye nini?

• Mwombeni fundi awawekee frekansi mbili zilizoruhusiwa: moja kama megahezi 6 au 7 kwa mchana, nyingine kama 3 au 4 kwa usiku na alfajiri. Wenzenu wa Kindu wawe nazo hizo hizo, na saa za kubadilisha mpatane mapema.

• Waya wa antena uwe na urefu unaolingana na frekansi. Kwa megahezi 7 ni karibu mita 20 kwa jumla, mita 10 kila upande. Kwa megahezi 3 na nusu ni karibu mita 40.

• Ufungeni kwenye mianzi au miti, mita 4 mpaka 6 toka chini, mbali na paa la bati. Kwa safari fupi kama ya Kindu hauhitaji kwenda juu zaidi: tunataka sauti ipande wima na kushuka karibu.

• Bei itajwe mara mbili, tarakimu moja moja, na anayepokea airudie. Sauti ikififia katikati, 1500 inaweza kusikika 500.

• Mvua ya radi ikikaribia, chomoeni waya wa antena na kuuacha nje ya nyumba. Hakuna bei inayolipa maisha ya mtu.

Kabla ya kumlipa fundi, jaribuni kwanza frekansi ya pili. Na mkutano ujao, anayeshika fonie awaeleze wenzake mambo haya, ili siku asipokuwepo, bei isipotee.