Zebaki Katika Tope la Mto

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa vyote ving'aavyo si dhahabu. Hapa Kakamega dhahabu imechimbwa tangu miaka ya 1930, na karo yangu hutokana nayo. Mama huchanganya mawe yaliyosagwa na zebaki ndani ya karai, kwa mikono mitupu. Zebaki hunasa dhahabu, kisha donge huchomwa. Dhahabu hubaki, na mvuke wenye sumu huvutwa puani.

Je, maji ya karai huenda wapi? Mvua huyasomba hadi Mto Yala. Zebaki hushikamana na tope, nalo hutua pale mto unapopunguza mwendo ukikaribia Ziwa Victoria. Humo vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi, ikaingia kwa samaki, halafu kwetu. Kule Minamata, Japani, ugonjwa wa sumu hiyo, iliyotoka kiwandani, uligunduliwa mwaka 1956. Waliokula samaki walitetemeka, wengi wakafa.

"Ati sumu! Mbona mimi sijaugua?" Mama aliniuliza.

"Mama, hii haina haraka," nikamjibu.

Siku hizi hamwagi tena karibu na mto. Wanafunzi wenzangu, tuwaeleze wazazi tunayosoma katika kemia.