Majina ya Mapenzi Vinywani mwa Tusiowajua

Mwanamke ateremkaye daladala pale Tegeta, Dar es Salaam, jioni, akatafuta bajaji ya kumfikisha Madale, huwa, kabla hajagusa kitasa cha mlango wake, amekwisha kupewa nasaba na mahaba ambayo hakuyaomba: konda amemwita mrembo, muuza mchicha wa gengeni amemwita mama yangu, kijana wa kibanda cha kutolea fedha amemwita mpenzi, na dereva wa bodaboda, kwa kuona kuwa ni mtu wa makamo, amemwita shangazi, wala hakuna hata mmoja kati yao ajuaye jina lake. Wako wasemao kuwa huo ni ukarimu wa mji wetu, na wako, hasa wanawake wenyewe, wasemao kuwa ni dharau iliyopakwa asali. Kila upande una hoja, na si insafu kuhukumu kabla ya kuzisikiliza zote mbili.

Kuitana kwa majina ya udugu ni desturi kongwe kwetu. Mtoto aliyelelewa vyema hamwiti mtu mzima kwa jina lake. Humwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha humwita mama, baba, shangazi au babu kwa kadiri ya umri, hata kama ndiyo mara ya kwanza kuonana naye. Lakabu hizo hazikuwa tupu, kwa maana zilibeba haki na wajibu: aliyeitwa mama aliachiwa kiti, naye kwa upande wake alipaswa kumkanya mtoto huyo akimkuta anacheza barabarani, ijapokuwa hakumzaa. Utani nao, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi, uliruhusu watu wasiojuana kutupiana maneno ambayo kwa wengine yangeleta ugomvi, hata msibani. Lakini ulikuwa na sheria yake, na sheria yenyewe ni kwamba aliyetaniwa alikuwa na ruhusa kamili ya kurudisha.

Zama za ukoloni mwanamume mwenye mke na wajukuu aliitwa boi na mtoto wa mwajiri wake, wala hakuthubutu kumjibu kwa neno la kulingana nalo. Kwa watu walioonja fedheha hiyo, halikuwa jambo dogo kwamba ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU, chama kilichopigania uhuru, ilikuwa kukiri kuwa binadamu wote ni ndugu zake, wala kwamba katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967 neno ndugu lilitamalaki maofisini, mikutanoni na katika barua, hata waziri akaitwa ndugu na mfagiaji akaitwa ndugu. Neno hilo lilikuwa na hadhi kwa sababu lilikwenda na kurudi.

Kwa mizani hiyo hiyo naupima mtaa wetu wa leo. Muuza genge amwitaye mteja mama yangu aghalabu hulilipia neno lake: huongeza nyanya mbili juu ya fungu, hukopesha mpaka mwisho wa mwezi, na mteja asipoonekana kwa siku kadhaa huuliza kulikoni. Naye huitwa mama vilevile, au mwanangu, bila ya kuchukia. Sioni dharau hapo. Naona ujirani unaoanza.

Konda ni habari nyingine. Huyo asemaye "panda mrembo" hamwambii mwanamume aliye nyuma yake "panda kipenzi", bali humwambia "panda bosi" au "twende mkubwa". Mwanamume hupewa cheo, mwanamke hupewa sura. Akinyamaza huambiwa anaringa, na aliyekuwa mrembo dakika iliyopita hutukanwa mbele ya halaiki, ilhali hakutenda lolote ila kutaka kwenda kwake. Mahaba gani hayo yanayogeuka ghadhabu kwa kukosa kuitikiwa? Wafanyabiashara wanawake wa masoko ya Ilala na Temeke waliichoka hali ya namna hii, ndipo shirika la Equality for Growth likaendesha nao kampeni iliyoitwa Mpe Riziki Si Matusi. Na sheria haikulala: marekebisho ya mwaka 1998 kuhusu makosa ya kujamiiana yaliingiza katika Kanuni ya Adhabu kosa la kumbughudhi mtu kijinsia, hata ikiwa ni kwa maneno.

Lakini neno linisikitishalo kuliko yote hayo halisemwi barabarani. Husemwa ndani ya kuta zetu. Katika nyumba nyingi za Madale, ambako wenyewe huondoka alfajiri kuiwahi foleni ya Barabara ya Bagamoyo na kurejea usiku, yuko msichana aliyetoka mkoani aitwaye dada. Baba humwita dada, mama ambaye angeweza kumzaa humwita dada, watoto humwita dada, na jirani aliyekuja kuomba chumvi humwita dada. Akiondoka, ajaye huwa dada vilevile, hata watoto wakakua mikononi mwa madada watatu wasijue jina kamili la mmoja wao. Dada huyu huamka wa kwanza na kula wa mwisho, na malazi yake ni godoro la stoo kati ya ndoo na magunia ya mkaa. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani alalaye kwa mwajiri wa kawaida kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi, nazo zilikuwa chache mno; lakini hata leo aghalabu akidai ujira wake huambiwa, kwa sauti ya upole, kwamba yeye si mfanyakazi, yeye ni mtoto wa humu ndani. Udugu unaotajwa siku ya mshahara, usitajwe mezani wala siku ya kugawa vyumba, ni dhuluma, nami sioni jina jingine la kuuita.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi wake maelezo ya kazi kwa maandishi, nayo imeyataja yanayopaswa kuandikwa: saa za kazi, ujira, mahali pa kazi, na mengineyo. La kwanza katika orodha hiyo ni jina la mfanyakazi.