Sindano Tatu katika Kalenda ya Mtumishi

Kila chuo cha tiba kina mbao zake za matangazo. Hapo hubandikwa habari za kupandishwa vyeo na uhamisho, taarifa za misiba na harusi, ratiba ya mikutano ya chama cha wafanyakazi, mwaliko wa bonanza la michezo, na majina ya waliopendekezwa kuwa wafanyakazi bora wa Mei Mosi. Mtumishi hupita, husoma linalomgusa, kisha huendelea na shughuli zake. Pembeni mwa hayo yote huwapo mara kwa mara karatasi moja isiyovuta macho: tangazo la upimaji wa afya na chanjo ya homa ya ini aina B kwa wafanyakazi. Makala haya yanaihusu karatasi hiyo. Mtu aweza kukosa bonanza na asidhurike kwa lolote. Akiikosa chanjo hii, huenda akaja kulilipa deni hilo kwa ini lake.

Tarehe za kuwekea alama

Mwaka wa kazi una siku kadhaa ambazo vyuo na hospitali hutumia kuwakutanisha watumishi kwa ajili ya afya yao. Tarehe 28 Aprili ni Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambayo Shirika la Kazi Duniani lilianza kuiadhimisha mwaka 2003. Siku tatu baadaye huja Mei Mosi. Tarehe 5 Mei ni siku ya usafi wa mikono kwa watoa huduma za afya, chini ya Shirika la Afya Duniani. Tarehe 14 Juni ni Siku ya Wachangia Damu, inayoangukia tarehe aliyozaliwa Karl Landsteiner, mgunduzi wa makundi ya damu. Tarehe 28 Julai ni Siku ya Homa ya Ini Duniani, ambayo nayo ni tarehe ya kuzaliwa kwa Baruch Blumberg, mtafiti aliyevigundua virusi vya homa ya ini B na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976.

Siku hizi zina faida kubwa kuliko fulana na maandamano, maana chanjo ya homa ya ini B hutolewa kwa dozi tatu: ya kwanza siku ya kuanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza. Mtumishi anayeanza tarehe 28 Aprili atarudi tarehe 28 Mei, na atamaliza tarehe 28 Oktoba. Anayengoja Siku ya Homa ya Ini atachanjwa tarehe 28 Julai, kisha 28 Agosti, na kumaliza tarehe 28 Januari ya mwaka unaofuata. Dozi ya tatu ndiyo husahaulika zaidi, kwa kuwa miezi sita ni mirefu na tangazo la awali huwa limekwisha kubanduliwa. Aliyechelewa hana haja ya kuanza upya: aendelee pale alipoishia.

Mfanyakazi ni nani?

Tangazo likisema "wafanyakazi wote", wengi hudhani waliokusudiwa ni madaktari, wauguzi na wataalamu wa maabara. Hebu tuifuate sindano moja. Muuguzi huitumia wodini na kuitia katika boksi la sindano. Mhudumu wa usafi hulibeba boksi hilo, na huenda limejaa kupita kiasi. Mbeba taka hulifikisha kwenye tanuru la kuchomea. Endapo sindano ilidondoka kitandani, dobi ndiye atakayekutana nayo katika mashuka. Ikiwa ilitupwa katika sinki, fundi bomba ndiye atakayeigusa. Kati ya watu hao watano, mmoja tu ndiye aliyesomea tiba.

Virusi vya homa ya ini B ni vigumu kufa. Huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, hata katika damu iliyokwisha kukauka. Mtu asiyechanjwa akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa mwenye virusi hivyo, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya asilimia 6 na 30, kutegemea wingi wa virusi katika damu ya mgonjwa. Kwa Virusi vya UKIMWI, uwezekano huo ni takriban asilimia 0.3. Ajabu ni kwamba hofu yetu imekuwa kinyume cha hesabu hii: anayejichoma huulizia UKIMWI kwanza, na mara nyingi haulizi kabisa kuhusu ini.

Umri nao una neno lake. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2002. Basi watumishi waliozaliwa nchini kabla ya hapo, ambao ndio wengi wa walio kazini leo, hawakuipata utotoni. Asidhani mtu kwamba kadi yake ya kliniki ya zamani inamkinga.

Kwa sababu hizo, mkuu wa idara asiridhike kwa kubandika karatasi. Wahudumu wa usafi wengi huajiriwa na kampuni za zabuni, na tangazo lililoandikwa kwa Kiingereza ubaoni haliwafikii. Lisomwe kwa Kiswahili katika kikao cha asubuhi, na zamu ya usiku isisahauliwe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi dhidi ya hatari za kazi yake. Mkataba wa zabuni nao utamke waziwazi ni nani atakayegharamia chanjo ya wahudumu hao.

Kabla na baada ya chanjo

Kabla ya dozi ya kwanza, mtumishi hupimwa damu kuona kama tayari anavyo virusi. Asiyenavyo huchanjwa. Mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya tatu, inafaa walio katika hatari kubwa wapimwe kiwango cha kingamwili. Uniti 10 au zaidi kwa lita ni kinga ya kutosha. Watu wazima wenye afya njema, zaidi ya 9 kati ya 10, hufikia kiwango hicho.

Anayekutwa na virusi hajahukumiwa kifo wala kufukuzwa kazi. Apelekwe kwa daktari apimwe hali ya ini na wingi wa virusi. Wapo watakaohitaji ufuatiliaji tu, na wapo watakaoanzishiwa dawa, kama vile tenofovir, zinazozuia virusi visiongezeke na kupunguza hatari ya ini kusinyaa au kupata saratani. Mwenzi wake na watoto wake wapimwe na wachanjwe. Jibu lake ni siri yake: lisijadiliwe kantini wala lisiandikwe katika orodha inayozunguka ofisini. Na wenzake wafahamu kwamba homa ya ini B haiambukizwi kwa kushikana mikono, kula sahani moja au kukaa meza moja.

Ukichomwa na sindano

Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usilikamue, usilinyonye, wala usilimwagie klorini. Damu ikiruka machoni, suuza kwa maji safi mengi. Kisha toa taarifa kwa msimamizi wa zamu saa hiyohiyo, na iandikwe katika daftari la ajali. Dawa kinga dhidi ya Virusi vya UKIMWI huanza mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na humezwa kwa siku 28. Kwa homa ya ini B, asiyechanjwa apewe dozi ya kwanza ya chanjo, ikiwezekana ndani ya saa 24, pamoja na imunoglobulini pale inapopatikana. Maandishi ya ajali yana faida nyingine: bila hayo, ni vigumu kuthibitisha dai la fidia kwamba maradhi yalipatikana kazini.

Wengi hawatoi taarifa kwa kuogopa kuonekana wazembe. Msimamizi anayepokea taarifa kwa karipio huwafundisha wote waliomsikia kwamba mara nyingine wanyamaze.

Neno kwa wagonjwa na wauguzaji

Nawe, ndugu mgonjwa, unayo sehemu yako katika kalenda hii. Kama unajidunga insulini wodini, mwombe muuguzi boksi la sindano. Usiifiche sindano chini ya mto wala kuifunga katika shuka. Wembe vilevile usiachwe kitandani. Mtumishi akijeruhiwa na sindano iliyotumika kwako, unaweza kuombwa ridhaa upimwe damu. Hilo si tuhuma dhidi yako. Majibu yako yatasaidia kuchagua kinga inayomfaa aliyejeruhiwa, na kama una ugonjwa usioujua, nawe utapata nafasi ya kutibiwa.

Ukienda kuchangia damu tarehe 14 Juni, damu yako itapimwa, pamoja na mengine, homa ya ini B na C, kaswende na Virusi vya UKIMWI. Hata hivyo, usichangie kwa nia ya kupimwa. Ukiwa na shaka, nenda kwanza kituo cha afya.

La kufanya wiki hii

Mtumishi anayesoma makala haya ajiulize maswali matatu. Je, nimekamilisha dozi tatu, na kadi yangu iko wapi? Nikichomwa saa nane usiku, nitamwendea nani, na dawa kinga zimewekwa chumba gani? Na yule anayepiga deki katika chumba changu cha kazi, amechanjwa? Swali la kwanza utalijibu mwenyewe. La pili mwulize msimamizi wako kabla zamu haijaisha. La tatu mwulize mhusika mwenyewe kwa heshima, na akisema bado, mwonyeshe chumba cha chanjo kilipo.